Jani la Masale Aliloletewa Baba

Mpaka leo nikisikia "wakubwa wamekaa," huinuka nikaondoka. Wakubwa walikaa siku tatu kumjadili dada yangu, nyumbani kwa mumewe, Old Moshi, na mimi ndiye niliyewapikia.

Dada alikuwa na watoto wanne na moyo mbovu. Nilishuka naye hospitali mjini, tukipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe la kukalia, maana miguu ilikuwa imevimba na pumzi ilimkatika. Daktari Mzungu alimpima, akasema moyo ule hautaistahimili mimba ya tano. Itolewe kabla haijakua, ila kwanza mume aweke sahihi. Dada akasema yeye mwenyewe anajua kuandika jina lake. Mkalimani hakujisumbua hata kuitafsiri kauli hiyo.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kuamua peke yake, akamwita baba yake, na baba yake akamwita mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa alisema uhai ni wa Mungu. Baba mkwe alisema mtoto ni wa ukoo. Shemeji alisema atafuata watakachosema. Siku ya pili wakarudia yale yale, wakala ndizi zangu wakamaliza, kisha wakaahirisha wiki nzima kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Kahawa haikuweza kungoja. Dada yangu ndiye aliyetakiwa angoje.

Siku ya tatu, walipokaa tena baada ya wiki hiyo, dada alijikokota kutoka jikoni, akapiga goti mlangoni.

"Baba," alimwambia mkwe wake, "nina wanne wanaonihitaji. Naomba niende."

"Mwanangu," alijibu mzee kwa upole, na upole ule ndio unaoniudhi kuliko yote, "wewe ni mgonjwa. Mgonjwa haamui."

Wakakubaliana kuomba na kungoja. Mimba ilipofika mwezi wa saba dada alikufa, asubuhi, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala alikuwa hawezi tena. Mtoto alizikwa tumboni mwake.

Matanga yalipokwisha, wakwe walikuja kwa baba yetu na jani la masale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani, anayeletewa jani hilo hana budi kusamehe, kosa liwe kubwa namna gani. Baba alilipokea kwa mikono miwili, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, yakaisha. Nilipolalamika, baba aliniambia tumeshasamehe.

"Sisi nani?" nikamuuliza.

Baba alitoka kuwasindikiza wageni.

Mama, ambaye naye hakuna aliyemuuliza neno tangu mwanzo, alilichukua lile jani akalisokomeza motoni, chini ya chungu. Jambo hilo halifanywi, na alilijua. Jani lilikuwa bichi, halikuwaka; lilitoa moshi tu, jiko zima likajaa. Baba aliporudi alitukuta tunatokwa na machozi, akatuambia tufungue mlango.