Gharama za Mpwa Wangu Zimempatia Mchumba

Admin, nifichie jina. Nina miaka sabini na moja, naishi Doha, Fereej Bin Mahmoud, kwa binti yangu. Vita vilinitoa Barawa nikiwa na mvi za kwanza, na tangu hapo kila nyumba niliyolala ni ya watu.

Baada ya Alasiri huwasomea wenzangu gazeti nje ya mkahawa wa chai, nikilifasiri kwa Kiswahili. Siku moja nilisoma kuhusu nchi ya mbali inayowahamishia waomba hifadhi kisiwani, katika nchi nyingine. Fedha za umma zinazomwendea kila mmoja wao zingemlaza hoteli nzuri mwaka mzima, zikabaki. Dereva mmoja wa Tanga akasema, "Mzee, waulize kama wanafukuza na watu wa Doha. Kwa bei hiyo nami nifukuzwe."

Nilicheka nao, ingawa mpwa wangu yumo kisiwani humo. Jioni nikamsomea dada yangu tunayekaa naye, mama wa huyo mpwa, nikidhani ataghadhibika. Lakini kwetu mgeni hupimwa kwa anachochinjiwa. Dada alifurahi: serikali inayomgharamia mwanawe hivyo haiwezi kumtupa.

Mwezi haukuisha, akapeleka posa kwa familia ya Kimombasa katika mji jirani wa Al Wakrah, na habari ile ya gazeti ndiyo sifa aliyoitanguliza. Wamekubali. Binti amemkataa fundi umeme aliyekuwa akimngoja. Mshenga ni mimi.

Juzi nilimpigia mpwa. Analala hemani, hata chooni ni foleni. Nikamuuliza, fedha zote zile zinakwenda wapi?

"Ndege, walinzi, uzio, mawakili. Mjomba, zinatumika kunizuia, si kunitunza. Lakini usimwambie mama. Posa hii ndiyo furaha aliyobaki nayo."

Nikamuuliza, na binti wa watu je? Akasema labda yeye watamtoa kisiwani kabla ya ndoa.

Nilipojaribu kumdokeza dada, alinijibu kwa upole, "Kaka, si wewe uliyenisomea?"

Ijumaa tunakwenda kufunga maneno. Kama ilivyo desturi, baba wa binti atamgeukia mshenga mbele ya wazee amuulize kijana ana hali gani, na neno langu ndilo dhamana. Nikisema kweli, namvunja dada yangu. Nikificha, namfunga mtoto wa watu kwa mtu asiyejua atatoka lini.

Dada ameshaipiga pasi kanzu yangu, ameitundika mlangoni. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nikiulizwa nijibu nini?