Koti la Mtoto wa Kitabuni

Kitabu kile kilinuka mafuta ya taa. Kililetwa skuli kwetu ndani ya boksi, boksi likatupwa stoo pamoja na madumu, na siku tulipogaiwa, harufu ilitufikia kabla hatujaona hata picha moja. Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu nje kidogo ya Wete. Mpaka siku ile nyumbani tulikuwa na kitabu kimoja tu, msahafu wa bibi yangu, Bi Time, uliokaa rafu ya juu umefungwa kwa kitambaa cheupe. Hiki changu cha bustani nikakiweka rafu hiyo hiyo, pembeni kidogo, na nilikuwa natia udhu kabla ya kukishika. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Chuoni, tunakosoma Kurani, tulifundishwa kwamba kitabu hakiwekwi chini, hakirukwi, hakishikwi kwa mkono mchafu, na mimi sikujua kuwa vitabu vina aina. Kwangu, kilichoandikwa kilikuwa kimeshaandikwa, basi, nani wewe wa kukipinga?

Kilikuwa kitabu cha kufundisha watoto kulima bustani. Kila ukurasa ulikuwa na mtoto mmoja mwenye mashavu mekundu, kavaa koti la buluu lililofungwa vifungo mpaka kidevuni, na juu ya kichwa chake jua la manjano lenye macho na mdomo, linacheka. Nilikipenda mpaka nikawa nalala nacho karibu na mto. Ukurasa wa saba uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mimea hupenda jua, na kwamba mtoto mwema haufichi mche wake kivulini. Mpaka leo naweza kukusomea ukurasa ule bila kuuona, na sipendi kuusoma.

Kwa sababu nyuma ya nyumba yetu bibi alikuwa na kitalu cha mikarafuu. Miche arubaini na miwili, mirefu kama mkono wangu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, majani yake machanga yana wekundu ule wa ndani ya mdomo wa mtoto. Juu yake alijenga dari la makuti kwenye miti yenye panda, akalifunga kwa kamba za usumba wa nazi, na chini yake kulikuwa na baridi na harufu ya udongo uliotoka kunyweshewa. Miche ile ilikuwa ya mama yangu. Mama alikuwa ameachwa, amerudi kwao na sanduku moja na mimi, na kwetu mwanamke asiye na mti wake hukaa kwenye kiambo kama mgeni aliyechelewa kuaga. Ardhi ilikuwa mikononi mwa Mjomba, kaka yake mama. Alikubali kutoa kipande kile cha kuelekea kisimani, ila kwa sharti, na alilisema akicheka huku anakula: "Pandeni masika haya. Masika yakipita nako kuko wazi, mie natia muhogo wangu, na tusije tukanuniana." Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka asubuhi anakwenda kuitazama miche kabla hajanawa uso.

Kaskazi ilipokuwa kali, jua limesimama, hata mbuzi hawatoki penye kivuli, bibi alikwenda Shumba kumuuguza dada yake. Alikaa siku nne. Mama alikuwa akishuka pwani kwenye mwani maji yanapotoka, anarudi yamejaa, mgongo umemvunjika, anajitupa kitandani. Akaniachia kazi moja, kunywesha miche asubuhi na jioni. Nilisimama pale na ndoo, nikatazama yale makuti, nikaona aibu. Naam, aibu! Nilimwonea bibi aibu kwamba hakusoma, ndiyo maana kaificha miche gizani mwaka mzima. Nikasema masika yako karibu na miche hii haijaona jua, itapandwaje? Mama akienda pwani, nilipanda juu ya kinu, nikafungua kamba moja moja, nikashusha makuti yote. Kabla hajarudi nikayarudisha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo, na nikakaa kando na kitabu changu magotini, nasubiri miche icheke.

Haikucheka. Siku ya tatu jioni yale majani mekundu yalikuwa yamekunjika kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nikamwaga maji ndoo tano. Siku ya nne yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, ukiyagusa yanavunjika. Nikafunga makuti vizuri nisiyaguse tena, na hapo ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Mama alirudi amechoka, akauliza, "Miche umeinywesha?" Nikasema nimeinywesha. Haikuwa uongo, na ilikuwa mbaya kuliko uongo. Nilikuwa nasikiliza kila mlio wa gari barabarani, kila "hodi," kila kandambili zinazokokotwa. Niliomba bibi asirudi, halafu nikaogopa dua yangu isije ikapokelewa akafia huko, nikaomba arudi.

Alirudi baada ya adhuhuri, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba na baibui lake mwilini. Alishika kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi alikuwa akifunga fundo la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Mimi nilikuwa nimefunga makuti yote kwa fundo la kiatu cha skuli, lenye masikio mawili.

"Njoo hapa," akasema. "Haya mafundo ya nani?"

"Kitabu kimesema, bibi," nikajibu, na machozi yakaja yenyewe. "Mimea inapenda jua. Kimeandikwa."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, mikono ina chumvi. Akaitazama miche, akanitazama mimi. "Kila mtu kiamboni hapa ana mti wake," akasema polepole. "Mie mwanangu kanipa makuti." Akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Bibi akaniambia nikalete kitabu nimsomee. Akajitanda vizuri, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akasikiliza ukurasa wa saba mpaka mwisho kama anayesikiliza hutuba. Yeye herufi zile hakuzijua, alizijua za Kiarabu tu. Lakini alikichukua kitabu, akakisogeza mbali na macho, akaitazama picha muda mrefu, na kidole chake kikatua juu ya mtoto.

"Huyu kavaa nini?"

"Koti, bibi."

"Na hilo juu yake nini?"

"Jua."

"Jua linawaka na mtu kavaa koti hadi kidevuni?" Akanirudishia. "Hebu weye katoke hapo uwanjani na koti saa hizi, tukuone. Jua huja polepole, mjukuu wangu, nilikuwa nitoe kuti moja moja mpaka mvua ianguke. Hili la kwako umelitoa wapi?"

Ilisalimika miche minane tu, ile iliyokuwa upande wa mgomba. Masika yalipoingia mama aliipanda pembeni ya kisima, na Mjomba akatia muhogo palipobaki, bila ya hata kununa. Mama ana mikarafuu minane leo. Wadogo zake wana mashamba. Hajanisema tena, wala sijasahau.

Sasa mimi ni mama, na mwanangu Raya yuko darasa la tatu, na mwezi uliopita kaja nyumbani na kitabu cha bustani. Hiki kinang'ara, hakinuki kitu. Mtoto wa humu kavaa kofia na viatu vya mpira, na jua lile lile linacheka. Wameulizwa skuli, mche mdogo unahitaji nini? Raya kaandika maji, udongo, na kivuli. Kivuli kimepigwa mkasi mwekundu wa kosa. Niliacha unga kwenye bakuli nikaenda skuli na mikono vile vile.

"Mama Raya," mwalimu akaniambia, kijana mpole, sina la kumtukana, "kitabu kinasema jua."

"Kwenu hamna mkarafuu?"

"Upo."

"Kitalu chake umekiona?"

Akacheka kidogo. "Babu ndiye anayejua mambo hayo. Lakini nikimpa vema hapa, kwenye mtihani ataandika kivuli atakosa, na wewe huyo huyo utakuja kunilaumu."

Na ni kweli ningekwenda. Hilo ndilo linalonichoma. Miaka yote hii, kisiwa kinachonukia karafuu mpaka kwenye nguo, na hajatokea hata mmoja aliyekaa akaandikia watoto wetu ukurasa mmoja wa makuti. Wanatuletea jua la watu wenye makoti, na sisi tunalisahihishia kwa kalamu nyekundu. Bibi alikufa na elimu yake mikononi, haimo rafuni. Nilikuwa na hasira njia nzima, nikafika nyumbani nazo, na Raya akaniuliza, "Mama, basi niandike nini?" Nikamwambia skuli andika jua. Akanitazama. Wallahi nilikosa pa kuweka uso.

Nimemkalisha chini ya makuti ya kitalu changu, nikamwambia atie mkono kwenye udongo, halafu autoe nje juani. Kafanya, kasema kweli, mama, nje kunaunguza. Lakini nami wakati ule niliujua ule udongo wa baridi, na bado niliamini herufi. Kaskazi hii nina miche thelathini nyuma ya jiko, na ndugu yangu wa Chake kanialika harusini siku tatu. Nimemwambia siendi. Kila adhuhuri naacha sufuria motoni, natoka kwenda kushika mafundo moja moja, naangalia kama kuna lenye masikio mawili.