Nongo Mkononi

Utotoni mwangu wenzangu walinibandika jina la Kenge, na sitasema walinionea. Kuanzia magotini hadi usoni ngozi yangu ilikuwa kavu, ya kijivu, imepasukapasuka, na nikijikuna inadondoka kama pumba za mpunga. Nilikuwa mtoto wa homa za mara kwa mara. Nilishinda ndani nikisikia wengine wakicheza, na siku nikipata nafuu ya kutoka, hakuna aliyetaka kunishika mkono.

Siku hizi nina duka la vipodozi pale Garsen, na bidhaa inayonunuliwa sana na wasichana ni brashi ya kujisugua mwili mkavu. Wanakuja na simu mkononi, wameona video.

"Anti, hii ndiyo ile ya kujisugua kabla ya kuoga? Si ngozi inakuwa fiti?"

Nawaeleza. Mwili uwe mkavu, anza nyayoni, panda juu taratibu kuelekea moyoni, usikwaruze. Mwenye vidonda simuuzii, namwambia aende zahanati. Wananiuliza nilisomea wapi mambo haya, nami nacheka tu. Nilisomea mkekani, kule Kilelengwani, kwa nyanya yangu, na kila nikikumbuka somo hilo moyo hunisuta. Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo kwa miaka mingi sikulifanya. Niliuza brashi, nilieleza, lakini mtu akiniomba nimsugue mgongo nilikataa, hata awe rafiki, hata anibembeleze vipi.

Tuliishi watatu: mimi, Mama, na Nyanya, ambaye ni mamake Mama. Nyanya alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa na ulimi mkali, mama wa kanisa aliyejua nyimbo zote na aliyeziimba zote kwa sauti moja. Alipenda utani. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita mke mwenza, kwa madai kwamba marehemu babu angekuwa hai angeniona mimi mdogo amwache yeye mzee. "Haya, mke mwenza, leta hiyo miguu yako mibaya," ndivyo alivyoniamsha asubuhi.

Alikuwa na dodoki lake. Mmea wenyewe ulitambaa kwenye ua wa nyuma, ukazaa matunda marefu kama matango. Aliyaacha yakauke palepale, akayamenya, akakung'uta mbegu, akabaki na ule utumbo mgumu wenye nyuzinyuzi. Watu wengine huoga nalo kwa sabuni. Nyanya alinisugua nalo nikiwa mkavu, kabla jua halijatoka, nimesimama juu ya kitambaa cheupe kilichokatwa kwenye mfuko wa unga. Alianza nyayoni, akapanda kwenye vifundo, magoti, mapaja, halafu mikono, halafu mgongo, daima akielekea moyoni.

"Kwa nini usishuke chini?" nilimuuliza siku moja.

"Ukishuka chini unamfukuza mtu roho. Wewe hata hiyo roho yenyewe iko kidogo tu. Simama sawa."

Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko maneno yake. Pale palipopasuka alipita kandokando. Alichokitafuta kiliitwa nongo: ile taka ya mwili na ngozi iliyokufa inayotoka kwa kusuguliwa. Kwetu nongo si uchafu tu. Mkosi wa mtu hukaa humo, na maradhi yasiyosikia dawa hukaa humo pia. Nilizaliwa mwaka wa mafuriko, familia ikiwa imekimbilia juu pakavu, na Nyanya aliamini kwamba mkosi wa maji ulinivaa tangu siku hiyo. Mchungaji hakuambiwa. "Mungu ndiye anaponya," alisema Nyanya, "mimi namfungulia mlango tu."

Ila kusugua huko kulikuwa na sharti lake. Anayemsugua mwenzake huubeba ule mkosi mkononi mpaka aukung'ute kwenye maji yanayokwenda, aoge, ndipo afungue mdomo. Akisema neno kabla ya hapo, mkosi haushuki tena mtoni. Unabaki kwake. Kwa hiyo akimaliza alikunja kile kitambaa, akafumba mdomo, akashika njia ya mtoni. Kwa mwanamke aliyependa maneno vile, ilikuwa adhabu. Majirani walimsalimia makusudi kwa utani, naye aliwakazia macho tu akapita.

"Nikitoka na hiki kitambaa usiniite, usinisemeshe," aliniambia tangu siku ya kwanza. "Hata nyumba ikishika moto, zima mwenyewe."

Na nikaanza kupona. Muuguzi wa zahanati naye alikuwa ametupa malhamu, na Mama alinipaka kila jioni, kwa hiyo siwezi kuapa ni nini kilichoniponya. Labda nilikuwa nakua tu. Lakini ngozi ya mikononi ililainika, homa zikapungua, na mtoto mmoja wa jirani akanishika mkono tukirudi kanisani. Nilihisi furaha ambayo sijapata kuihisi tena kwa kitu kidogo kama hicho.

Mahali petu pa kuteka maji palikuwa na uzio wa miti iliyokitwa mtoni, ili mamba wasiwafikie wanawake na watoto. Msimu ule maji yalijaa yakaung'oa. Nyanya akahamia juu kidogo, kwenye kona ambako ukingo ni mwinuko na mtu anaona mbali. Mimi sikujua. Nilikuwa ndani na homa, ya mwisho mwisho, na hakuna aliyefikiria kumwambia mtoto mgonjwa habari za uzio.

Asubuhi moja Nyanya alinisugua, akakunja kitambaa chake, akaondoka, akasahau leso kavu ya kujifunga baada ya kuoga. Mama alikuwa anachochea moto wa uji. Akaniambia, "Mpelekee nyanya yako leso. Iweke kichakani ugeuke urudi. Usimsemeshe."

Nilienda mbio, nikijisikia mtu mzima. Nikashuka pale pa zamani. Uzio haupo, Nyanya hayupo. Nikaona nimsubiri. Na hapa ndipo ninapojilaumu, maana nilikuwa nimetumwa kuweka leso na kurudi. Badala yake nilichuchumaa ukingoni nijitazame. Nilitaka kujua kama uso nao umepona. Maji ya mto Tana ni ya tope, hayaonyeshi sura sawasawa, basi nikainama zaidi. Nikainama tena.

"Zipora!"

Sikuwahi kulisikia jina langu kwa sauti ile. Lilinitupa nyuma, leso ikaniponyoka, nikakaa kitako kwenye tope, na palepale maji yakafumka mbele ya miguu yangu, kichwa kirefu kikatoka, kikafunga taya juu ya leso, kikarudi chini. Nilibaki nikiangalia mapovu. Nilipoinua macho, Nyanya alikuwa amesimama pale juu kwenye kona, mdomo wazi. Kitambaa kilikuwa bado mkononi, kimekunjwa. Hajakikung'uta.

Alikuja akiteleza. Nilingoja kofi, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimebakiza kidogo nipoteze yote mawili. Hakunipiga. Aliketi kando yangu kwenye tope, akahema kwa muda mrefu, kisha akakifungua kile kitambaa akakikung'utia majini hivyohivyo.

"Leso yangu nzuri imeliwa," alisema. "Twende nyumbani, mke mwenza."

Njia nzima alisema bila kunyamaza, kama mtu anayejua kwamba sasa haina maana kujizuia. Mimi nilikuwa nalia. Nililijua sharti kuliko nilivyojua amri kumi.

Haikupita muda miguu yake ikavimba. Kwanza vifundo, baadaye hadi magotini, na akawa anahema akitoka tu mlangoni. Mama alimpeleka hospitali, wakarudi na dawa na nyuso za watu walioambiwa mambo. Mimi nilizidi kunawiri. Kila alivyodhoofu, mimi niling'aa, na watu waliokuja kumtazama walinishika mashavu wakisema nimekuwa msichana mzuri. Nilichukia kusifiwa. Nilianza kujikuna makusudi, usiku, nirudishe yale magamba. Niliwaza kwamba yakirudi kwangu yatatoka kwake. Hayakurudi.

Alifariki kabla ya mavuno ya mpunga. Siku ya maziko nilikuwa nyuma ya jiko, nikawasikia wanawake wawili waliokuwa wakiosha sufuria.

"Alisemeshwa akiwa na nongo mkononi."

"Na nani?"

Niliona kivuli cha mkono wa aliyeulizwa ukutani kikinyooka kuelekea chumba nilichokuwa nalala. Mama alikuwa karibu nao, upande uleule. Alisikia, nina hakika alisikia. Aliinama akaendelea kupakua wali.

Tangu siku hiyo Mama hakuwahi kuitaja asubuhi ile, wala mimi. Aliacha pia kunituma mtoni. Nilijua sababu: ananiona mimi nimemuua mama yake, ila ni mpole mno kulisema. Nilipomaliza shule nilihamia Garsen haraka kuliko ilivyohitajika. Nilimtumia matumizi, nilimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, tukaulizana habari za mvua. Binti anayempenda mama yake huenda kumwona. Mimi nilituma vitu.

Juzi mto ulijaa tena, shamba likamezwa, nami nikamleta Mama kwangu. Sasa ni mzee. Ngozi yake imekauka kwa umri, mgongo unamwasha, na mkono haufiki. Jioni moja aliketi dukani nikifunga, akachukua brashi moja kwenye rafu, akaigeuzageuza akacheka.

"Kuishi kwingi ni kuona mengi. Hili dodoki la Mama limewekewa mpini?"

"Ndilo hilo."

"Basi kesho asubuhi nisugue mgongo."

Nilisema nitamtafutia mafuta. Nikasema brashi mpya inachubua. Nikasema nina mzigo wa kupokea mapema.

"Zipora, unaogopa nini?"

Sikujiandaa kulia mbele ya chupa za losheni, lakini nililia. Nilimwambia yote: nilivyochuchumaa, nilivyotaka kuona uso wangu, jina lilivyonifikia. Nikamwambia najua ananilaumu na ana haki.

Mama aliirudisha brashi kwenye rafu.

"Mimi ndiye niliyekutuma," alisema.

Nilimwangalia nisielewe.

"Uzio umeng'oka, nami najua umeng'oka. Moshi uko machoni, uji unataka kumwagika, nikamtuma mtoto mgonjwa mtoni. Wale wanawake kule jikoni, nilidhani kidole ni changu. Miaka yote hii hukuja nyumbani, nikasema, ana haki, mama gani anamtuma mwanawe kwa mamba?"

Hebu fikiria. Sauti ya Mama ikiniambia nipeleke leso nilikuwa nayo masikioni tangu utoto, neno kwa neno, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba yeye naye angeweza kujilaumu kwa maneno hayo. Nilikuwa nimejishughulisha mno na kosa langu. Hilo nalo linaniuma, na nadhani linaniuma zaidi.

Akaniambia mengine. Miguu ya Nyanya ilikuwa inavimba tangu kabla hajaanza kunisugua. Aliificha kwa leso ndefu na utani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hospitali walisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Hakuwaruhusu wanieleze, wasije wakamtisha mke mwenza.

"Nilimuuliza alipokuwa kitandani," Mama alisema. "Nikamuuliza, Mama, hujutii kusema? Akanikasirikia. Akaniambia, 'Ningenyamaza, kesho ningemsugua nani?'"

Asubuhi iliyofuata nilitandika kitambaa sakafuni. Mama aliketi kwenye kigoda akanipa mgongo. Sikutumia brashi ya dukani. Nilitumia dodoki nililolinunua kwa mama mmoja anayeuza mboga sokoni, nikapanda kuelekea moyoni, nikipita kandokando ya alama za uzee. Nongo ilidondoka, nyeupe, kidogo tu. Nilipomaliza nilikunja kitambaa, na bila kukusudia mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Nimesoma, nina leseni ya biashara, najua kwamba moyo hauchoki kwa sababu ya neno. Hata hivyo nilielekea mlangoni nimebana midomo.

"Zipora!"

Nilisimama. Kitambaa kilikuwa mkononi, kimekunjwa. Nyuma yangu Mama alikuwa anangoja, mgongo wazi, na sijui kama aliniita makusudi ama alikuwa amesahau.

"Abee, Mama," nikaitika.

"Nipe leso, nasikia baridi."

Nikampa. Kisha nikaenda kukung'uta kitambaa bombani, maana maji ya bomba nayo yanakwenda mahali.

Sijaacha kujilaumu. Nimelizoea jambo hilo muda mrefu mno kuliacha kwa siku moja, na bado nikifumba macho nawaona wale wanawake wawili na sufuria zao. Kesho yake nilipoamka, kabla sijakanyaga chini, nilivuta shuka nikaitazama miguu yangu kama imevimba. Kisha nikaenda kumsugua Mama.