Daktari Plasta na Ramani Iliyochanika

Chuo kile kilikuwa na madaktari wa kila kitu: daktari wa sheria, daktari wa udongo, hata daktari wa mashairi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akisoma shairi. Lakini daktari mwenye wagonjwa wengi kuliko wote alikuwa chini ya ardhi, kwenye chumba cha nyaraka, chini kabisa ya jiko la kantini, na udaktari wake hakutunukiwa na mtu yeyote aliyevaa joho. Walimwita Daktari Plasta.

Aliajiriwa tarishi, wa kupandisha barua na kushusha majibu. Siku moja alimkuta msajili wa enzi hizo akikoroma juu ya meza na, kwa wema wake wote, akamwamsha. Kesho yake akahamishiwa chini. Watu wa juu walichukulia chumba cha nyaraka kuwa kaburi lenye kitasa. Mabomba ya jikoni yalipita darini, na kila sufuria ilipooshwa, maji yaliguruma juu ya kichwa cha mtu kama tumbo la mgeni mwenye njaa.

Mwingine angetafuta kona akalale. Yeye alikuta jalada limelala sakafuni, kurasa zimechanika, akaona huruma. Akapanda ngazi, akaomba selotepu, akashuka nayo, akaketi kuuguza.

Basi, hapo ndipo penzi lilipoanzia. Alikata selotepu kwa meno, akaibandika, akaisugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ilie. Ukurasa uliochanika ulipata plasta. Ukurasa mzima nao ulipata plasta pembeni, ya kinga, asisubiri uugue. Barua za waanzilishi, mihtasari ya vikao vilivyoamua kuitisha vikao vingine, mitihani ya watu ambao siku hizi ni wakubwa na wasingependa alama zao zijulikane: wote walipita mikononi mwake, wote wakatoka wanang'aa.

Mgonjwa wake kipenzi alikuwa ramani ya kwanza ya chuo, iliyochorwa kwa mkono, wino wa buluu, ambamo maktaba ilikaa pale ambapo leo pana maegesho ya magari ya wakubwa. Zamani maprofesa wawili waliitaka siku moja, mmoja wa uhandisi na mmoja wa historia. Kila mmoja akashika upande wake, kila mmoja akataja vyeo vyake, na ramani ikaachia katikati kama shuka kuukuu. Wasomi wakatazamana. Wakaweka vipande mezani, taratibu, wakakumbuka kwamba wana vipindi.

Plasta aliiunganisha siku ile ile, mbele na nyuma. Mkuu wa chuo alishuka mwenyewe ngazi zile chafu kuja kumpa mkono, na tangu hapo, selotepu ilipozeeka na kugeuka njano, Plasta aliongeza mpya juu yake.

"Mnamwona?" aliwaambia wageni. "Alikuja kwangu vipande viwili. Leo anapumua."

Halafu likaja jengo jipya. Lilikuwa na vioo kila upande, kiyoyozi, na rafu zinazosogea mtu akizungusha usukani. Jiwe la msingi liliwekwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza picha hazikutoka vizuri. Skana, mashine kubwa kama kitanda cha maharusi, ilifika milango ikiwa imeshajengwa, ikabidi ukuta uvunjwe ili ipite. Makamu Mkuu wa Chuo naye akawa hasemi sentensi bila neno "kidijitali". Inasemekana hata nyumbani aliomba chumvi kwa namna hiyo. Nyaraka zote zingepigwa skana, zihamie juu kwenye mwanga, na ramani ile ingekuwa ya kwanza, mbele ya wageni, siku ya ufunguzi.

Akaletwa mtaalamu wa kutunza nyaraka, binti mrefu, mpole, anayetembea kama anaogopa kuamsha karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu hospitalini."

Akamfunulia ramani kabla hata hajampa kiti, kama mtu anavyomtoa mtoto wake aliyefaulu aje asalimie wageni. Binti akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi!" Plasta akapiga kifua. "Mkono huu huu. Mbele na nyuma."

"Mzee wangu, naomba tukae."

"Kwani kuna msiba?"

Wakakaa. Binti akamweleza polepole kwamba gundi ya selotepu haijui kutulia. Inazama ndani ya karatasi, inaipaka rangi ya chai, inaikausha, mpaka karatasi inavunjika kama jani lililoanguka zamani. Kabla ya kupiga skana, selotepu lazima ibanduliwe.

"Hii ya ramani?"

"Yote, baba."

Plasta akageuka kutazama rafu zake. Alianzia ya kwanza, macho yakatembea mpaka yakafika ukutani.

"Unataka kuniambia nimekaa humu nikiwatibu wagonjwa kwa sumu?"

Binti angeweza kumdanganya. Wengi pale juu walikuwa na shahada katika fani hiyo. "Hukujua," akasema. "Na hakuna aliyekuambia."

"Hilo halinipozi hata kidogo."

Akachukua kofia yake, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hata mafuriko ya kantini hayakuwahi kumfanyisha.

Akatangaza kwamba jengo jipya hakanyagi, ng'o. Ataomba kustaafu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa hapo hapo barazani, kwa hiyo tangazo lile lilimhusu kuliko lilivyomhusu Makamu Mkuu wa Chuo. Mume asiye na kazi aligeuza macho kwenye nyumba. Akabandika mpini wa ufagio. Akabandika jagi lisilovuja. Mkewe alipomkuta amekodolea macho futi yake ya kupimia, iliyochanika kidogo nchani, akainyakua na kuificha kifuani.

"Baba watoto, rudi kazini kabla hujanibandika na mimi."

"Kazi gani? Kuharibu?"

"Yule binti kapiga simu tena. Nimempokelea mimi, maana wewe simu yako umeigeuza kifudifudi kama mtoto aliyekosa."

"Anasemaje? Kaniita mwuaji?"

"Anasema ufunguzi ni kesho kutwa. Wakubwa wanamsukuma aibandue ramani, na yeye kawaambia habandui kazi ya mtu akiwa hayupo."

Plasta akaiweka selotepu chini. Hakutarajia adabu kutoka upande ule. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, hata majibu alishayapanga. Sasa hayakuwa na wa kupewa.

"Akitaka abandue," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mimi siwezi kukaa pale nikitazama maisha yangu yanakwanguliwa. Ile ramani ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa mkono."

Mkewe alikuwa na suruali ya mteja mapajani, akifumua mshono kwa ncha ya wembe, nyuzi zikiruka kama mbu. Hakuinua uso.

"Unaona hii? Nilimshonea mwenyewe, juzi tu. Nimekosea kiuno. Sasa ulitaka nifanyeje, nijifungie chumbani nilie?"

"Hiyo ni suruali."

"Na ile ni karatasi! Nusu ya ushonaji ni kufumua, mume wangu. Fundi asiyejua kufumua huyo si fundi, huyo ana cherehani tu. Na kufumua hampi mtu mwingine, maana mwingine hakionei huruma kitambaa." Akakata uzi kwa meno. "Vaa viatu. Na hilo jagi libandue kwanza, uanzie hapo kufanya mazoezi."

Alianzia hapo kweli, akanuna, kisha akaenda.

Chumba cha matibabu kwenye jengo jipya kilikuwa na dirisha pana na meza nyeupe, na ukimya ambao Plasta hakuuzoea. Hapakuwa na bomba lililoguruma. Binti alikuwa ameitandaza ramani na kumwekea kiti. Hakusema lolote kuhusu siku zilizopotea. Alimpa kisu butu, chembamba kama ulimi wa mjusi, kinachopata moto kwa umeme, akamwonyesha jinsi ya kukipitisha chini ya selotepu mpaka gundi ilegee.

Plasta akainama juu ya ramani. Tabaka la kwanza likaachia, likajikunja. Chini yake palikuwa na la pili.

"Huyu mtu!" akanung'unika. "Kwani alikuwa anaezeka paa?"

"Alikuwa na hofu," binti akasema. "Aliogopa isichanike tena."

"Hofu gani? Mkono mzito tu. Tazama alivyosugua, mpaka wino umehama. Ningemkuta leo ningemtia kofi."

"Mwache, baba. Alikuwa kijana."

Plasta akacheka kwa pua, halafu macho yakamlowa, akasingizia mvuke wa gundi. Tabaka la mwisho lilipotoka, ramani ilikuwa vipande viwili tena, kama siku ile maprofesa walipokumbuka vipindi vyao. Kwenye ukingo uliochanika wa kila kipande palibaki mchirizi wa kahawia.

"Hiyo rangi nayo inatoka?"

"Itapungua. Yote haitoki."

Akaitikia kwa kichwa.

Kisha binti akaleta dawa ya kuunganishia: karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kibakuli cha wanga uliopikwa ukakorogwa. Plasta akanusa. Akachovya kidole.

"Huu si uji?"

"Karibu sawa na uji. Siku tukitaka kuutoa, tunaulowesha kwa maji tu, unatoka bila kinyongo."

"Uji!" Akaegemea kiti. "Miaka yote ile jiko lilikuwa juu ya kichwa changu, na dawa ilikuwa uji!"

Wakaunganisha pamoja, yeye akishika, binti akipaka kwa brashi laini. Wakaweka vitambaa vikavu juu na chini, wakalaza mbao nzito. Isiguswe mpaka ikauke yenyewe, na kukauka huko kungepita siku ya ufunguzi. Binti alipeleka taarifa juu. Juu hawakujibu, walikuwa wanachagua rangi ya utepe.

Siku yenyewe ilipofika, hema lilijaa, spika zikakoroma. Binti alikuwa amevutwa mbele akasimame karibu na skana ili apendeze kwenye picha. Plasta alibaki mlangoni pa chumba cha matibabu, suti yake ikimbana. Afisa itifaki akaja mbio, jasho likimtoka.

"Mzee, ramani! Makamu Mkuu ameshafika kwenye 'hatimaye' ya hotuba!"

"Imelala. Haijakauka."

"Ikauke mbele ya safari. Wageni watano kutoka wizarani, mzee!"

"Ikinyanyuliwa sasa itaachia."

Afisa akatazama huku na huku, akashusha sauti kama mtu anayetoa hongo. Kutoka mfukoni mwa koti akachomoa selotepu, mpya, bado inang'aa. "Basi si wewe ndiye Plasta? Weka kidogo nyuma, hakuna atakayeona. Wakiondoka, unatoa."

Plasta aliitazama ile selotepu. Ilikuwa nzuri, pana, ya aina aliyoililia kwenye ofisi ya vifaa bila kupewa. Kidole gumba kilijisugua chenyewe pajani. Hemani palikuwa na mkubwa mwingine wa chuo, na mkono mwingine wa kupewa, mbele ya kamera safari hii.

"Mwanangu," akasema, "humu ndani hiyo haiingii."

"Mzee, nitamwambia nini Makamu Mkuu?"

"Mwambie kuna mgonjwa ametoka kupasuliwa, hatembelewi. Akikasirika, jina langu unalijua."

"Jina lako kamili silijui, mzee!"

"Waulize waliostaafu." Akaingia, akafunga mlango kwa ndani.

Huko hemani ilibidi mashine ilishwe chochote. Waliiwekea ratiba ya sherehe, ikatokea kwenye kioo kikubwa, kubwa kuliko mtu, ikionyesha kwamba baada ya hapo kuna soda. Wageni wakapiga makofi kwa nguvu zote. Plasta aliyasikia kwa mbali. Akavuta kiti karibu na zile mbao, akakunja mikono kwapani isije ikashika kitu, akasubiri uji ukauke.