Boriti Tatu za Chumba cha Eda

Chokaa iliyolowa ina harufu yake. Ni harufu baridi, kama ya mtungi wa maji ya kunywa uliosahauliwa gizani, lakini ndani yake mna ukali kidogo unaokaa kooni. Mwaka ule wa mvua kubwa, miaka ya tisini ilipokuwa yaelekea ukingoni, harufu hiyo ndiyo niliyoamka nayo na kulala nayo. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja kikubwa na jiko katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, kwenye kichochoro chembamba mno hata mtu akikohoa nyumba ya pili aliambiwa pole kutoka ya kwanza. Ghorofa ya juu yetu haikukaa mtu. Mwenye nyumba, Bwana Akber, aliyekuwa na duka la vitambaa, aliitumia kuwekea marobota ya nguo yaliyokosa wanunuzi. Bati la juu lilikuwa limetoboka, maji yakiingia usiku na mchana, na marobota yale yakayanywa yote. Uzito wake ulilala juu ya boriti za dari yetu, na chini ya dari hiyo aliketi mamangu.

Aliketi hapo kwa sababu alikuwa edani. Babangu, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo gatini Mbaraki, alikuwa amefariki kwa homa wiki tatu kabla ya hapo, na mjane hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Mama alivaa nguo isiyo na pambo, hakutia wanja wala manukato, na hakuvuka kizingiti. Mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa wa karibu wa damu, hakuingia chumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa pekee, kwa hiyo nje ya kizingiti kile mama alikuwa mimi. Jirani wa mkabala, Bi Rukia, mjane wa siku nyingi, ndiye aliyetufundisha miiko yote. Aliijua na kuishika kuliko mtu yeyote, na siku moja, huku akikunja nguo, alituambia neno ambalo hakujua limenichoma wapi: kwamba kila hatua ya mjane nje ya mlango kabla ya siku zake humkanyaga marehemu kifuani, kaburini.

Kwanza ilikuwa vumbi jeupe juu ya msala, kila alasiri. Kisha vipande vya ukubwa wa kucha. Kisha ufa, ulioanzia pembeni ukafuata boriti ya tatu kama mto unavyofuata bonde. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema aliye edani atamwita nani azibe. Nilitumwa dukani kwa Bwana Akber. Alikuwa mtu mpole; alinipa peremende na kuniuliza hali ya mama kabla sijasema shida yangu. Aliahidi kuja kuona, akakumbuka mama yuko edani, akashika ndevu. "Nitaingiaje, beti, binti yangu? Na kuondoa marobota lazima wapagazi wapite ngazi yenu. Siku zake zikiisha, eh? Mwambie mama avumilie." Nilikwenda pia kwenye ofisi moja iliyoshughulikia nyumba kongwe. Karani akanitazama sare yangu ya shule na kusema mlalamikaji aje mwenyewe. Nikamwambia hawezi. Akasema basi asubiri awezapo.

Aliyekuja mwishowe ni Fundi Charo, mtu wa bara ya Kilifi, fundi wa chokaa na boriti, ambaye babangu alizoeana naye. Alipanda ngazi na kusimama mlangoni, nje ya pazia, viatu vyake mkononi.

"Pole, mama. Mimi siingii. Huyu mtoto ataniangalilia."

"Ataona nini huyu, Charo?" mama akauliza kutoka ndani.

"Haoni. Atagonga, nami nitasikia. Dari nzima huongea, mama. Ila mbovu huongea kama mlevi."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikachukua mpini wa ufagio, nikagonga boriti moja baada ya nyingine, na fundi nyuma ya pazia akisema, "Tena. Sogea ukutani. Tena." Boriti za kwanza zilirudisha sauti kavu, tak, tak, kama mlango mzuri. Ya tatu ilisema duf. Ya nne, duf. Ya tano nilipoigonga ilinyamaza kabisa, na unga mwekundu ukamwagika machoni mwangu. Fundi akaniita nimfuate chini, akainama kwenye ngazi hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Sikiza. Boriti tatu zimekufa, vichwa vyake vimeoza ndani ya ukuta. Mwambie mamako atoke chumba hiki leo. Si kesho. Leo. Waniskia?"

Nikasema nimesikia. Nilipanda ngazi ile polepole kuliko nilivyowahi kuipanda. Juu nilimkuta mama amekaa palepale, miguu ameikunja, akipepeta mchele chini ya boriti ya nne. Akaniuliza fundi asemaje. Nilimwona babangu chini ya udongo. Niliona unyayo wa mama juu ya kifua chake. Nikasema, "Asema atarudi mvua ikipungua."

Mama alinitazama kitambo. Kisha akasema kikohozi changu kimezidi kwa unyevu, nikalale kwa Bi Rukia tangu siku hiyo. Sikuwa na kikohozi kikubwa. Nilidhani ameuona uwongo usoni mwangu na amenichukia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nimewahi kuogopa tangu wakati huo, nimeuguza, nimezika. Lakini hofu ya siku mbili zile sijaipata tena. Shuleni sikusikia mwalimu, nilisikia kichochoro chetu. Kila kishindo cha mkokoteni kilikuwa dari. Kengele ikilia nilikimbia hadi kwenye kona ya mwisho, hapo nikasimama, kwa sababu kabla ya kukata kona ile mama alikuwa bado hai, na baada yake sikujua. Nilisikiliza kama kuna kilio. Kisha nikakata kona, nikapanda, nikamkuta anakuna nazi au anasoma, mabega yake yamepauka kwa chokaa. Nikimfuta vumbi alisema, "Wacha, mwanangu, litarudi." Ningeweza kusema wakati wowote. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini upande huu alikuwa mama na upande ule baba, na mimi ndiye niliyeshika mizani, mtoto ambaye hata kufunga mtandio wake hajui.

Lililomo moyoni ulimi huiba. Alhamisi, chuoni kwa Maalim Nasoro tulikosomea Kurani, nilipaswa kusoma sura niliyoihifadhi mwaka mzima. Nikafungua kinywa, na badala ya sura likatoka lile la fundi, lote, mbele ya watoto wenzangu, mpaka kifua cha babangu. Maalim Nasoro hakunikemea. Alifunga msahafu, akaniuliza, "Tangu lini?" Nikasema Jumanne. Akainuka na kuliacha darasa zima bila kuliruhusu liende. Alisimama chini ya ngazi yetu, akapiga hodi.

"Karibu, Maalim, ila niko edani," mama akajibu.

"Najua, mama. Ndiyo iliyonileta. Jifunike, toka. Mwenye eda nyumba ikimtisha huhama, akamaliza siku zake penye salama. Hivyo ndivyo sheria. Na fundi angeingia tangu siku ile, wewe ukajistiri. Nani aliyewaambia vingine?"

Bi Rukia alikuwa dirishani mwake. "Maalim, mbona mie nilikaa siku zangu zote sikutoka hata kumwaga maji!"

"Wewe Bi Rukia ulikaa chini ya dari nzima! Hebu teremka umshike mwenzio mkono."

Watoto wa chuo waliotufuata wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho mama akashuka, amejifunika buibui hadi vidoleni. Kutoka mlango wetu hadi wa Bi Rukia ni hatua saba. Nilizihesabu, macho yangu kwenye miguu yake, na kila hatua nilimwomba baba msamaha.

Wengi wangependa niseme dari ilianguka saa ile ile. Haikuanguka. Bwana Akber aliposikia, alikuja mwenyewe na wapagazi, akatoa marobota, akasimama kwenye ngazi akijilaumu kwa Kigujarati. Fundi Charo alitegemeza dari kwa nguzo. Alipoichomoa boriti ya tano, ilimvunjikia mikononi kama mkate wa mofa. Alinionyesha kipande. Mama alimaliza eda yake kwa Bi Rukia, nasi tukarudi chini ya boriti mpya.

Siku hizi nimepanga chumba cha dari ya zege, upande wa kwenda Feri. Nambari ya wakala imebandikwa mlangoni. Bomba likipasuka napiga simu, na kabla ya alasiri huja kijana nisiyejua jina lake, huingia na viatu mpaka chumba cha kulala bila kuuliza nani yumo. Ni msaada, na nashukuru; mama angeupata siku zile, nisingesimama kwenye kona ile.

Mwaka jana, wiki chache kabla hajafariki, nilikiri kwa mama uwongo wangu. Akatabasamu. "Nilimsikia Charo. Yule hakujua kunong'ona." Nikamuuliza basi mbona alikaa. "Nilingoja uniambie. Uliposema lingine, nikajua wamwonea babako huruma. Nami nilikuwa namwonea. Wewe nikakutoa, mimi nikakaa."

Sasa fundi huja, hutengeneza, huondoka. Nikifunga mlango nyuma yake, hakuna aliyebaki ndani wa kumwogopea.