Mama Sindano na Kuta za Mabua

Watu walimwita Mama Sindano kwa sababu alishona maturubai ya malori kwa miaka ishirini na sita, ndani ya kibanda cha bati ambacho ikifika saa sita mchana kiligeuka tanuri. Siku moja alikwenda kumsalimia dada yake mkubwa, aliyeolewa na mkulima wa ngano. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Akaingia ghalani, palipopangwa marobota ya mabua ya ngano kutoka sakafuni hadi darini, akakuta ubaridi wa ajabu. Akakaa chini. Walipomwita chakula hakutoka.

Kiwanja alikuwa nacho, jirani na shamba hilo. Akachora ramani kwenye karatasi ya kukatia vitambaa: vyumba viwili, jiko, msingi wa mawe unaofika magotini, nguzo za mbao, na kuta za marobota yaliyopigwa plasta ya udongo na chokaa.

Kwenye ofisi ya vibali, ofisa aliigeuza ile ramani mara mbili.

"Mama, fomu hii ina matofali, mawe, zege na mbao. Mabua hayamo."

"Basi yaandike."

"Mimi siandiki. Mimi naweka alama tu."

Akamtuma alete barua ya zimamoto. Zimamoto wakasema hawawezi kukagua nyumba ambayo haipo. Alikwenda na kurudi mara saba, kila mara akiacha kazi mezani. Mara ya saba ofisa, naye kachoka, akaweka alama kwenye "mbao" na kugonga mhuri.

Mama Sindano akadhani balaa limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linavaa viatu.

Alimweleza fundi mwashi taratibu, neno kwa neno: nguzo kwanza, kisha paa, kuta mwisho, kwa sababu mabua yakilowa ndiyo basi tena.

"Dada, paa linakaa juu ya ukuta, halikai hewani," fundi akamjibu. "Mimi nimejenga tangu hujajua kushika mkasi."

"Paa litakaa juu ya nguzo. Nifanyie hivyo hivyo."

"Haya."

Akaenda mjini wiki moja kumaliza maturubai ya mteja. Aliporudi alikuta kuta tatu zimesimama, paa hakuna, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Akatumbukiza mkono kwenye robota hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la uji wa moto, na harufu ya uvundo.

"Yatakauka tu," alisema fundi.

"Yanaoza! Si nilikwambia?"

"Sasa mvua nimeileta mimi?"

Alimwambia akusanye vifaa vyake aondoke. Kisha akaketi juu ya msingi, akalia kwa hasira, akajifuta kwa ncha ya kanga, akalia tena.

Yeye na dada yake walibomoa kwa siku nne. Hata ng'ombe walinusa mabua yale wakageuza vichwa.

"Shemeji, nyumba yako imekataliwa na ng'ombe," mume wa dada yake akatania.

Hakucheka. Iliwabidi wasubiri mavuno mengine, miezi minane. Katika muda huo alimsimamia seremala kama askari, mpaka nguzo na paa vikasimama.

Kuta mpya walizishona wenyewe kwa kamba na sindano ya chuma ndefu kama mkono, yeye nje, dada yake ndani.

"Vuta!"

"Nimevuta!"

"Hujavuta, dada, umeshika tu!"

"Njoo uvute mwenyewe basi, mimi si punda wako!"

Walinuniana siku mbili, wakashona bila kusemezana. Plasta ya kwanza ikapasuka yote kama matope ya bwawa lililokauka. Wakaikwangua, wakaongeza mchanga. Ya pili ikashika.

Sasa anaishi humo, na mchana ndani ni baridi kweli. Lakini ukimsifia nyumba atakuonyesha mlango wa chumba cha pili. Ukuta uliposhuka kidogo kwa uzito wake uliubana, sasa haufungiki wala haufunguki sawasawa. Seremala amesema atakuja wiki ijayo. Alisema hivyo hivyo miezi mitano iliyopita. Mama Sindano hupenya ubavuubavu, akisonya.