Mpera Wangu na Mpapai wa Jirani

Mjukuu wangu amepata kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake, na juzi akaniuliza, "Bibi, nipande mpapai au mpera?" Nikajifanya sikusikia. Masikio yangu ni mazima, tena namshukuru Mungu. Lakini swali hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke niliyemdhulumu Majengo, Pumwani, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mke kijana mwenye mdomo mwingi na akili chache.

Mume wangu na mimi tulipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Nyuma palikuwa na ua wa wapangaji wote: choo, bafu, kamba za nguo, na mpera niliouangalia kuliko hata mume. Ukuta wa madebe, usiozidi kifua changu, ulitugawa na ua wa pili. Huko alikaa mama mmoja wa pwani, mjane, hana mtoto wala ndugu mjini, anayejitafutia riziki kwa mishkaki. Kila siku baada ya alasiri aliwasha jiko la makaa barazani, na wanaume waliotoka kazini kwenye reli walisimama hapo kabla ya kufika kwao. Nyama aliyonunua ilikuwa ile ngumu ya bei rahisi, lakini ukiitia mdomoni hutafuni mara mbili. Ilikuwa kazi ya mpapai wake. Alichuma papai bichi, akalimenya, akaliponda, akaisugulia ile nyama asubuhi na kuiacha ilale humo. Sokoni mapapai yalikuja mabivu tu, na bivu halilainishi nyama.

Basi sisi wawili tulishindana kwa miti yetu juu ya ukuta ule, kwa utani kwanza. Mimi nilisema mpera hauombi kitu: baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba hauijui, maji ya kufulia unayanywa, majani yake ukiyachemsha yanatuliza tumbo la kuendesha. Mpapai una shina tupu ndani, maji yakisimama unaoza, upepo ukija unaanguka. Yeye alicheka. "Ukila pera lako unatafuna mbegu mpaka meno yaume, halafu unakaa chooni siku mbili ukimwomba Mungu. Papai langu linamfungua mtu, mgonjwa na mzee asiye na meno wanalila." Nami nikamjibu, "Basi mama, wewe fungua, mimi nifunge, Majengo yote iko mikononi mwetu." Tulicheka hadi tukashikilia madebe.

Utani ukachacha siku moja bombani. Mbele ya wanawake waliopanga foleni ya maji alisema mapera yangu yana mabuu. Yalikuwa nayo kweli, ndiyo maana nikaumia. Wanawake wakaangua kicheko. Nikabeba debe langu nusu, nikarudi nyumbani na hasira yangu.

Sasa, uani kwetu karibu na bafu palijiotea mpapai mmoja, dume. Ulitoa maua kwenye vijiti virefu vinavyoning'inia, lakini tunda hata moja hapana. Uliunyima mpera wangu jua na kumwaga maua juu ya nguo zangu. Watu wote tulioishi pale tulijua jambo moja kuhusu mpapai dume: ni mzigo, kata. Yule mama mwenyewe alikuwa amenishauri hivyo mara mbili. Siku ile ya bombani nilihitaji kitu cha kukata, na mpapai ulikuwa karibu. Mapigo matatu tu ya panga, ukalala chini.

Jioni yake mpangaji mwenzetu, mzee wa kutoka magharibi aliyekuwa mtunza bustani za baraza la mji, aliliona lile shina akasimama.

"Nani amekata huu?"

"Mimi. Ulikuwa unazaa nini?"

"Huu ndio ulikuwa unauzalisha ule wa jirani," akasema polepole. "Wadudu na upepo wanachukua unga wa maua hapa, wanapeleka kule. Hakuna dume lingine hapa karibu. Mama, nenda umwambie leo, apande mbegu nyingi, hata kama itachukua mwaka mzima, dume jingine litapatikana."

Nikasema nitamwambia. Yule mzee, mtu mpole, aliamini nimemwambia, hakuuliza tena. Na mimi nilikaa kimya. Natamani niseme nilisahau, lakini sikusahau hata siku moja. Nilisema moyoni, mwache aone nani ana mabuu.

Akaona. Mapapai yaliyokuwa mtini yakaisha, na maua mapya yakawa yanadondoka makavu. Mpapai wake aliumwagia majivu, akafunga kitambaa chekundu shinani kukinga macho ya watu, na asubuhi nilimsikia akiuongelesha ule mti kwa sauti ya chini. Nyama ikawa ngumu. Mwanamume mmoja alirudisha mshikaki sahanini akauliza kama amechomewa makatambuga, vile viatu vya matairi, na barazani watu wakacheka. Nilikuwepo, nikacheka nao. Loo, kicheko kile! Baada ya miezi michache jiko lake liliwashwa mara mbili kwa wiki, halafu halikuwashwa tena.

Aliacha kunisalimia. Nami, msinishangae, nikakasirika! Nilimwambia mume wangu yule mama ana kiburi, ananipita kama gogo. Nilikuwa nimemtia mtu njaa, na bado nilidai salamu zangu.

Ikafika mwisho wa Shaabani. Desturi ya mtaa wetu, siku moja mbili kabla ya mwezi kuandama, watu walipita mlango kwa mlango kuombana radhi, ili mtu asianze kufunga na kinyongo cha mwenzake. Nikajiambia, leo nitasema. Niliosha mapera kumi mazuri, nikayapanga sahanini, nikajifunika buibui. Kabla sijavuka kizingiti, nikamkuta mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda mpaka kanga ilimzunguka mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitafunga huku siku mbili tatu tu, kisha naenda kwetu pwani. Hapa sina tena cha kunishika. Lakini siwezi kuondoka na dhambi yako. Nilikudhania wewe. Nilisema umeutia mpapai wangu kijicho kwa yale maneno ya bombani. Nilikwenda kwa mwalimu nikampa jina lako ili akusomee dua mbaya. Alikataa, akaniambia nimche Mungu, nisimsingizie mtu. Nisamehe, mwanangu. Nilikudhania vibaya na wewe hukunifanyia lolote."

Ningesema sentensi moja tu. Lakini alikuwa analia, majirani walikuwa wanatutazama, na nikaona nikisema sasa nitakuwa mtu gani mtaani.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Mjukuu wangu, panda mipapai mingi na usikate hata mmoja mpaka uulize. Mpera pia panda, ila mapera yake usiniletee. Yule mama siku ile alinishika mikono yote miwili, akaibusu, akanishukuru kwa moyo wangu mwema. Kisha akaichukua ile sahani ya mapera, akaenda nayo kwake ayaweke kwa futari ya kwanza.